Kutoka Forodhani hadi Forodha ya Tunduma: Makumbusho ya Vyombo vya Bahari na Hazina ya Maneno

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu huenda ikawashangaza baadhi yenu. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, hauna pwani. Kutoka Tunduma hadi Bandari ya Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Kwa nini, basi, tuzungumzie makumbusho ya vyombo vya bahari tukiwa huku mpakani, ambako jambo linalojadiliwa kila siku ni foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo?

Jibu langu la awali limo katika neno moja. Mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, pana uwanja maarufu uitwao Forodhani. Jina hilo limeundwa kwa neno forodha na kiambishi cha mahali -ni. Asili ya neno ni Kiarabu, na maana yake ya zamani ni mahali pwani ambapo vyombo hushusha bidhaa na ushuru hutozwa. Neno hilohilo ndilo linalotumika Tunduma, penye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi na marais wa Tanzania na Zambia mwezi Oktoba 2019. Neno limesafiri kutoka ufukweni hadi nyanda za juu, wala halikusafiri peke yake.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba kuhifadhi chombo cha kale ni kuhifadhi maarifa yaliyokiunda, na sehemu kubwa ya maarifa hayo imo katika lugha. Pili, kwamba lugha hiyo ya baharini imeingia hadi bara na bado inatumika, ingawa wengi wetu hatuitambui. Tatu, kwamba Songwe ina historia yake ya meli ambayo inastahili kuwekewa kumbukumbu.

2.0 Dhana ya makumbusho

Wanafunzi wa mofolojia wanafahamu kwamba nomino makumbusho inatokana na kitenzi kumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Katika lugha nyingi za Ulaya jina la taasisi hii linatokana na neno la Kigiriki lililotaja makao ya miungu wa sanaa. Kiswahili kimechagua kitenzi cha kusababisha. Kwa mantiki hii, stoo ya vitu vya kale haijawa makumbusho mpaka vitu vyake vimkumbushe mtu jambo.

Chombo cha baharini ni mtihani mgumu wa dhana hii. Sarafu au kigae cha chungu hukaa kabatini miaka mia bila kudai mengi. Chombo ni kikubwa, kimeundwa kwa mbao, kamba na chuma, na kimezoea maji. Kikitolewa majini, mbao hukauka na kupasuka. Kikiachwa majini, huliwa na wadudu au kutu. Meli ya Vasa ya Sweden, iliyozama mwaka 1628 na kuopolewa mwaka 1961, ilinyunyiziwa dawa kwa miaka 17 ili mbao zake zisisinyae, kisha ikajengewa jumba lake mjini Stockholm lililofunguliwa mwaka 1990. Ni taasisi chache duniani zenye uwezo wa kugharimia kazi ya namna hiyo.

Makumbusho ya kwetu yamelazimika kufuata njia nyingine. Mabaki ya meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama Mombasa mwaka 1697 wakati wa mazingirwa ya Ngome ya Yesu, yalichunguzwa na wanaakiolojia kati ya mwaka 1976 na 1980. Vitu vilivyopatikana vilipelekwa katika makumbusho ya Ngome hiyo, lakini gamba la meli liliachwa chini ya maji. Uamuzi wa kukiacha kitu pale kilipo, kwa sababu kukihamisha ni kukiua, ni aina halali ya uhifadhi.

Wakazi wa Songwe wanaifahamu aina hiyo. Kimondo cha Mbozi, donge la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10, hakikuhamishwa. Udongo wa pembeni ulichimbwa na kuondolewa, msingi ukajengwa chini yake, na watu wanakwenda kukitazama palepale kilipoanguka. Kwa hiyo wazo la kuhifadhi kitu kikubwa cha chuma kilichotoka mbali si geni katika mkoa huu.

3.0 Mtepe: chombo kilichokufa kikafufuliwa

Mfano unaofaa zaidi kwa hoja yangu ni mtepe. Huu ni chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigwa misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka, lenye umbo la mraba. Ufundi wa kushona vyombo ni wa kale sana katika upwa wetu. Kitabu cha Kigiriki cha mwongozo wa mabaharia, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinaitaja bandari ya Rhapta na kueleza kuwa jina lake linatokana na mashua zilizoshonwa. Hadi karne ya 19 mitepe ya visiwa vya Lamu bado ilibeba boriti za mikoko na shehena nyingine kati ya miji ya pwani. Ilipofika katikati ya karne ya 20 ilikuwa imetoweka. Hakuna hata mtepe mmoja mzima uliobaki.

Mwaka 2003 mafundi wa Zanzibar waliunda mtepe wenye ukubwa kamili, ukapewa jina la Shungwaya na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash na ambalo lilikuwa limegeuzwa kuwa makumbusho ya historia na utamaduni. Kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuiga, kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya kumbukumbu: vielelezo vidogo, picha, maandishi ya watafiti na ujuzi wa mafundi wa vyombo vingine.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kuingia. Kielelezo kidogo kinaonyesha umbo. Hakionyeshi kipi kilianza na kipi kilifuata, kamba ilikazwa kwa kiasi gani, wala mshono uliozibwa vizuri ulitofautishwaje na ule utakaovuja. Mambo hayo fundi huyarithisha kwa maneno, akiwa na mwanafunzi wake pembeni. Kila hatua ina kitenzi chake na kila kipande kina jina lake. Fundi akisema mkuku, taruma, omo, tezi, foromali, henza, anatoa maelekezo ya kazi. Jina likipotea, maelekezo yanapotea pia, na kipande kinabaki kuwa ubao.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na wafanyakazi wawili walipoteza maisha. Msiba huo ulitukumbusha kwamba hata jumba la makumbusho lina umri. Jengo linaweza kujengwa upya, na mtepe unaweza kushonwa tena, alimradi yupo anayejua kushona na yapo maandishi yanayoeleza namna ya kushona. Visipokuwepo hivyo viwili, fedha peke yake haitafaa kitu.

4.0 Kamusi na sitaha

Inaweza kudaiwa kwamba maneno haya yamekwisha kuhifadhiwa, kwani yamo katika kamusi. Dai hilo lina ukweli. Kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 ina utajiri mkubwa wa istilahi za vyombo. A. H. J. Prins katika mwaka 1965 alichapisha utafiti wa kina kuhusu utamaduni wa bahari wa Lamu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 nayo inayo mengi.

Hata hivyo, fasili ya kamusi haitoshelezi. Tuchukue neno demani. Msomaji ataelezwa kuwa ni kamba ya tanga. Ataelezwa pia kuwa ni upande wa chombo usioelekea upepo. Akiwa darasani, maana hizo mbili zinaonekana hazina uhusiano. Akiwa juu ya sitaha atauona uhusiano mara moja, kwa sababu kamba hiyo ndiyo inayodhibiti pembe ya tanga upande ule ambako upepo unatokea baada ya kulijaza. Chombo chenyewe ndicho kinachofafanua neno.

Mfano wa pili ni mrama. Mwanafunzi yeyote wa Tunduma au Vwawa anajua kuwa mambo yakienda mrama yameharibika. Anaijua pia methali isemayo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni wachache wanaofahamu kuwa mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu kwenye mawimbi. Asiyejua hilo huitumia methali kwa usahihi, lakini haoni kilichomo ndani yake: chombo kinachoyumba hakijazama bado, na nahodha mmoja mwenye busara angeweza kukinusuru. Maana ya msingi ikisahauliwa, methali hupungukiwa na onyo lake.

Kwa hiyo makumbusho na kamusi zinahitajiana. Makumbusho isiyo na istilahi huonyesha vitu visivyosema, nayo kamusi isiyo na vitu humtajia msomaji mambo asiyoweza kuyaona.

5.0 Maneno ya bahari katika yadi ya malori

Tuyatazame sasa maneno yaliyofika huku. Dereva wa lori linalosubiri kuvuka Tunduma ameshika usukani. Neno hilo lilitaja kwanza kifaa cha kugeuzia chombo, kilichofungwa nyuma kwenye tezi. Lori lake limebeba shehena, neno lililohusu mzigo wa chombo. Anayepanda basi kwenda Mbeya ni abiria, na analipa nauli. Ya kwanza asili yake ni mtu anayevuka, na ya pili ni malipo ya kukodi chombo au ya kusafirishia mzigo majini. Timu ya mpira ya mtaani ina nahodha. Kijana anayehangaikia riziki hapa na pale anajiita baharia, pengine hajawahi kuiona bahari.

Inafaa kusisitiza kwamba maneno haya hayakuletwa na lami. Kiswahili na vyombo vyake vilifika katika maziwa makuu kabla ya utawala wa kikoloni. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara kutoka pwani aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe alijiimarisha Nkhotakota, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Nyasa, na majahazi yake yakavusha pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa. Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, nako kulikuwa na vyombo vya matanga. Songwe iko kati ya maziwa hayo mawili.

Hapa pana jozi ya vitenzi inayostahili utafiti. Baharia hutweka tanga, na akimaliza safari hulitua. Mpagazi wa nchi kavu hutwikwa mzigo kichwani, na akifika kambini huutua. Tweka na twika ni vitenzi vilivyo karibu sana kwa umbo na kwa maana, na tua ni kimoja kwa wote wawili. Leo ndege pia hutua. Msamiati wa chombo na msamiati wa msafara ulikutana katika kinywa cha watu walewale, kwa sababu mizigo iliyoshushwa jahazini ndiyo iliyopandishwa vichwani.

6.0 Meli zilizopita nchi kavu

Hoja hiyo inatupeleka kwenye historia ya meli katika eneo hili. Mwaka 1881 ilianza kazi ya kutengeneza njia kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ikaitwa Njia ya Stevenson kwa jina la mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, aliyetoa fedha. Ilianzia Karonga, ikapita Fife, karibu na Nakonde ya leo, ng'ambo tu ya Tunduma, ikaelekea kusini mwa Ziwa Tanganyika. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki Karonga mwaka 1883. Kwa njia hiyo vilipelekwa vipande vya meli ya mvuke iitwayo Good News, mali ya Shirika la Misheni la London. Vilitoka Uingereza, vikapanda mito ya Zambezi na Shire, vikavushwa Ziwa Nyasa, kisha vikachukuliwa nchi kavu. Meli ilishushwa majini katika Ziwa Tanganyika mwaka 1885.

Tafakari maana yake. Meli nzima ilivuka nyanda hizi ikiwa vipande vipande, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilitegemea mabega na vichwa vya wapagazi. Majina ya wamiliki na wahandisi yameandikwa. Majina ya wapagazi hayakuandikwa.

Njia hiyo iliacha alama nyingine kubwa zaidi. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya Mto Songwe, uingiao Ziwa Nyasa, kuwa sehemu ya mpaka, na mstari ulioendelea magharibi ulichorwa kwa namna ya kuiacha Njia ya Stevenson upande wa Waingereza. Wanyamwanga wakajikuta pande mbili za mpaka, na Walambya na Wandali vilevile. Kwa maneno mengine, mahali unapopita mpaka wa Tunduma leo pana uhusiano na njia iliyotengenezwa ili kuunganisha meli za maziwa mawili. Forodha hii ya nchi kavu ina asili ya majini zaidi ya tunavyodhani.

Meli nyingine ya Ziwa Tanganyika inatupatia funzo tofauti. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa, ikafungwa katika makasha, ikapelekwa Dar es Salaam na kisha Kigoma kwa reli, na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nzito. Iliopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na ikaendelea kubeba abiria na mizigo hadi karne ya 21. Katika miaka ya 2020 Serikali iliingia mkataba wa kuikarabati. Grisi ile ilikuwa kitendo cha uhifadhi: aliyeipaka alitarajia kwamba siku moja mashine zitahitajika. Nasi tukiandika istilahi za fundi mzee leo tunafanya kazi ya namna hiyo.

7.0 Pingamizi na jibu

Yapo mawazo kwamba lugha hupoteza maneno kwa kawaida, na kwamba si busara kuyalilia. Zana zikiacha kutumika, majina yake hufuata. Aidha, nchi yenye mahitaji mengi haiwezi kutumia fedha kwa mbao kuukuu.

Nakubali kwamba maneno hufa. Lakini pana tofauti kati ya neno linalostaafu likiwa limeandikwa na neno linalozikwa pamoja na mwenyewe. La kwanza linaweza kuitwa tena, kama mafundi wa mwaka 2003 walivyouita tena mtepe. Kuhusu gharama, kurekodi mazungumzo na fundi ni kazi nafuu kuliko kuhifadhi ubao mmoja wa chombo kilichooza. Iwapo tunalazimika kuchagua, tuanze na fundi, kwa kuwa yeye hatasubiri bajeti ya mwaka ujao.

8.0 Mapendekezo

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila chombo kinachoonyeshwa katika makumbusho zetu kiambatane na majina ya Kiswahili ya sehemu zake zote, yakiwemo ya kilahaja, pamoja na maelezo ya kazi ya kila sehemu. Pili, taasisi za lugha, yaani BAKITA, BAKIZA na TATAKI, zishirikiane na makumbusho katika kurekodi mafundi, mabaharia na washona matanga. Tatu, wanafunzi wa Songwe wasingoje kwenda pwani. Sehemu ya Ziwa Rukwa imo katika mkoa huu, na mitumbwi ya wavuvi wake ina majina, sehemu na ufundi, katika Kiswahili na katika lugha za jamii zinazolizunguka. Maegesho ya malori ya Tunduma nayo ni uwanja wa utafiti wa msamiati wa usafirishaji. Utingo na wakala wa forodha ni watoa taarifa wazuri sawa na nahodha. Nne, iwekwe kumbukumbu katika eneo hili kuhusu Njia ya Stevenson na wapagazi walioipitisha meli nchi kavu. Si lazima liwe jumba. Ramani na maelezo ya Kiswahili sanifu, pamoja na lugha za wenyeji, vingetosha kuanzia.

9.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba makumbusho ya vyombo vya bahari si jambo la watu wa pwani pekee. Mtepe wa Zanzibar unathibitisha kwamba chombo kilichotoweka kinaweza kuundwa upya maarifa yake yakihifadhiwa. Liemba inathibitisha kwamba kilichozamishwa kwa uangalifu kinaweza kurudi kazini. Msamiati wa Tunduma unathibitisha kwamba bahari imefika hadi mpakani kupitia vinywa vya wasafiri. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya kazi hii ni daftari, kinasa sauti na subira ya kumsikiliza mzee anapotaja jina la kila kipande, na wanafunzi waliomo katika ukumbi huu wanavyo vyote vitatu.